Katuni ya Nyota Mbili

Wenzangu wa rika langu mtakumbuka: sinema ilikuja mara moja kwa mwaka, tena ikipenda. Kwetu Nyandarua ilifika shuleni Jumamosi mchana, na bwana mmoja mwenye mashine ya kuonyeshea na jenereta lililonguruma kuliko trekta. Tulifunika madirisha ya darasa la saba kwa mablanketi ya bweni, tukajibana sakafuni tukinuka moshi wa kuni na mafuta ya kujipaka.

Mwaka mmoja ilikuwa katuni ya mfalme wa kale aliyevuka milima na jeshi lake. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na neno lake tulilijua: "Sinema haijawahi kumfunza mtoto kupiga magoti." Mimi na dada yangu Wairimu tukamwambia tunaenda kuteka maji, tukatorokea huko.

Filamu ilipofika katikati, mlango ulifunguliwa, mwanga ukafuta picha ukutani. Baba alikuwa amesimama pale na fimbo. Wairimu alinibana mkono hadi ukaniuma.

"Mzee, ingia ama utoke," mwenye mashine akasema, "lakini funga mlango."

Baba akaingia, akaufunga. Alisimama nyuma mpaka mwisho.

Tulimfuata nyumbani, tukingoja kichapo. Tukiwa tunakula githeri, akaacha kutafuna. "Yule mfalme alikosea," akasema. "Angemsikiliza mama yake, jeshi lisingeisha kwa baridi."

Wairimu akajibu kwa sauti ndogo, "Lakini Baba, angemsikiliza, nani angevuka mlima?"

Wakabishana hadi chakula kikapoa. Hatukuchapwa. Shuleni nako tulibishana wiki nzima, na mwalimu hakutuambia nani yuko sawa, kwa sababu hata yeye alikuwa upande wa mfalme.

Sasa niko Dubai, naishi Jumeirah Village Circle na binti yangu Neema, mtu mzima wa miaka kumi na miwili. Jumapili iliyopita nilimwambia nimekata tiketi za katuni mpya, ya msichana wa zamani anayevuka jangwa na msafara wa ngamia. Hakuinua macho kwenye simu.

"Mum, hiyo mtandaoni imepewa nyota mbili kati ya tano. Wanasema historia yake si ya kweli, na ngamia anaongea sana."

"Nani wanasema?"

"Watu."

"Yalla, twende, vaa viatu."

Kweli ngamia aliongea sana. Lakini msichana alipomuaga bibi yake kisimani, nilisikia Neema akivuta kamasi, uso kauficha ndani ya sweta. Taa zilipowaka akajifuta haraka. "Walisema kweli," akasema. "Nyota mbili zinatosha."

Ndani ya teksi nikamuuliza, "Na yale machozi?"

Akapekua simu mpaka tukakaribia nyumbani. "Hakuna mtu aliandika kuhusu pale kwa bibi."

"Basi niambie wewe."

Akaanza polepole, kama anayeomba ruhusa. Tulipofika mlangoni alikuwa ananipinga kila neno, na sikutaka anyamaze.

Siwalaumu watoto wa leo. Wana filamu zote za dunia mkononi, na hukumu zake zimetangulia. Sisi tulikuwa na moja kwa mwaka, ikikatikakatika, na tulitoka humo bila kujua kama ni nzuri au mbaya. Ilitubidi tugombane wenyewe ndipo tujue. Ujinga ule ulikuwa mtamu, na katika mji huu wa kila kitu, bado sijaona pa kuununua.