Injini Ilipolegea Juu ya Kwedizinga

Ile siku haijanitoka, mwanangu, na kwa kuwa unakwenda kujifunza urubani, nataka uisikie kutoka kwangu mwenyewe.

Nilikuwa binti wa Kilole, pale Korogwe, mwanafunzi wa urubani, nimekaa kushoto katika ndege ndogo ya watu wawili. Kulia alikaa mwalimu wangu, Mwalimu Hiza, mtu mzima asiye na maneno mengi. Tulikuwa tumeruka kutoka Handeni asubuhi, tunarudi Korogwe. Tulipofika juu ya Kwedizinga, injini ikaanza kukohoa. Pangaboi la injini lilikuwa bado linazunguka, lakini nguvu haikuwepo, na ndege ikawa inashuka.

Mwalimu akabadili tangi la mafuta, akajaribu hiki na kile. Injini ikanguruma kidogo, nikapumua, kisha ikalegea tena, ikazimika.

"Mwalimu, Korogwe si mbali," nikasema. "Tutafika."

"Hatufiki. Tafuta shamba."

Chini niliona vichaka na mkonge tu. Nilitaka nyumbani. Bila kujijua nikawa navuta usukani, naiinua pua ya ndege, kana kwamba ingebaki juu kwa sababu mimi naiogopa ardhi. Mwendo ukapungua, usukani ukawa mwepesi mikononi, kengele ya hatari ikalia.

"Shusha pua, binti," Mwalimu akasema, huku akiusukuma usukani. "Ukizidi kuvuta tutadondoka."

Mwanangu, kuielekeza ndege ardhini wakati injini imezimika ni jambo ambalo mwili wote unalikataa. Nilisukuma huku nalia. Mwendo ukarudi. Hapo ndipo nikaona shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa, nikaligeukia. Hakukuwa na sauti ila upepo. Mabua yakatujia mbio. Tukagonga, tukaruka, tukagonga tena, gurudumu la mbele likavunjika, vumbi likatufunika.

Mama mmoja alikuja mbio kutoka shamba la jirani, jembe bado mkononi. "Poleni jamani. Mmeumia?"

"Tu wazima, mama," nikasema, nikishuka kwenye ndege. Nilikaa chini kwenye mabua. Mwalimu akakaa kando yangu, shati lake limelowa jasho.

"Na mimi niliogopa," akasema. "Lakini ndege haijui kwamba unataka kufika kwenu."

Basi, mwanangu, injini ikilegea, usiing'ang'anie safari uliyoipanga, wala usisubiri ipone. Shusha pua, linda mwendo, chagua pa kutua ukiwa bado juu kiasi cha kuweza kuchagua. Hata kama ni shamba la mtu, hata kama ndege itavunjika, tua. Woga utakuwa nawe humo ndani, usiuone aibu, ila usiuachie usukani. Sisi wa nyumbani tutakufuata popote utakapotua. Mungu akutangulie kila unaporuka, na kila mara akurudishe ardhini ukiwa mzima.