Ndani ya Nyekundu

Ndugu yangu mdogo anafanya kazi Australia, na kazi yenyewe ni kutabiri ngurumo kali za majira ya baridi katika bara zima. Bara zima, mnasikia? Mimi nina ng'ombe mmoja na sijui kama kesho atakubali kukamuliwa. Huku kwetu, kati ya Litein na Mogogosiek, cheo hicho kilimsogeza mama viti kadhaa mbele kanisani, na tangu hapo hajarudi nyuma.

Julai ni baridi kwao na baridi kwetu, kwa hivyo siku moja, akiwa amechoshwa na mawingu ya wenyewe, alikumbuka nyumbani. Akatuma ramani kwenye kundi la familia. Afrika yote ilikuwa pale, na doa jekundu limelala kutoka ziwani mpaka huku kwenye chai. Chini yake aliandika: "Kesho mchana mvua ya mawe, chance ni kubwa. Jichungeni."

Mama aliwatumia akina mama wa kanisa. Kufikia wakati wa kukamua, habari ilinirudia kupitia kwa jirani, ikiwa imeongezewa saa kamili na mahali pa kuanzia: josho letu la ng'ombe.

Sikucheka. Mwenye chai hachezi na mawe. Yakikupiga mara moja unakaa miezi ukitazama vijiti, na mimi sina shamba lingine wala mume wa mshahara. Majani yangu yalikuwa hayajakomaa vizuri, lakini nikasema heri nusu shari kuliko shari kamili. Kulipopambazuka nilichuma yote, hata machanga ambayo siku nyingine ningeyapita.

Tatizo ni kwamba mlima mzima ulikuwa na akili hiyohiyo. Hata mwalimu mkuu mstaafu, ambaye hajainama tangu astaafu, alikuwa shambani na kikapu mgongoni. Kufikia saa sita magunia yalikuwa yamefurika senta ya kupimia majani mpaka barabarani. Lori la kiwanda likabeba yaliyobebeka, na dereva akaapa kwamba anarudi sasa hivi. Tukangoja. Jua liliwaka, jua zuri la kuanika mahindi, na sisi watu wazima tukaketi tukikasirikia mbingu kwa sababu haitupigi mawe.

Lori halikurudi. Jioni nilitia mkono ndani ya gunia langu. Kulikuwa moto kama ugali, na majani yameanza kugeuka mekundu. Karani wa senta aliyanusa, akatikisa kichwa; majani yaliyoungua hivyo kiwanda hakipokei. Nilikwenda kuyamwaga nyuma ya migomba, nikalia, na sioni haya kusema nililia.

Nilipoingia nyumbani nilikuta ndugu yangu ametuma picha aliyotumiwa na mtu: Mogogosiek, kwenye njia ya kiwandani, barafu imefunika nyasi, na lori letu limezama kwenye matope. "Forecast imeingia!" aliandika. Nikampigia.

"Hapa kwetu haijanyesha hata tone."

"Lakini si mko ndani ya red, dada?"

"Na Kisumu?"

"Pia iko ndani."

"Na Kisii?"

"Pia."

"Sasa hiyo ni kutabiri ama ni kupaka rangi?"

Alicheka kwa upole wa watu wenye mshahara, akanieleza kwamba katika kazi yao mawe yakianguka popote ndani ya nyekundu, wanahesabu wameshinda. Nilimtakia usiku mwema kwa sauti ambayo sitaiandika hapa.

Mama alikuwa ameketi kando yangu akisikiliza kila kitu. Alisikitika kweli, ila si kwa ajili yangu.

"Wacha kusumbua mtoto," aliniambia. "Yeye hakukosea. Ni mawe ilipoteza njia."

Kisha akaninyang'anya simu ili ampigie tena mwanawe, amuulize wiki ijayo tuchume siku gani. Nilitoka nje nikasimama mlangoni. Shamba langu lilikuwa limebaki vile mawe huliacha, na mawe hayakuwa yamekuja.