Nilimsingizia marehemu wosia, na Alhamisi anatunukiwa nishani

Admin, jina langu libaki kwako. Hawa nitakaowataja nimewabadilisha majina.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na moja, askari, naishi Mabatini hapa Mwanza. Sina mke. Nina mguu unaochechemea na jambo moja linalonikosesha amani. Miaka miwili iliyopita tulikuwa nje ya nchi kulinda amani, mimi na rafiki yangu Masanja, mtoto wa Sengerema. Siku tuliyovamiwa tulikuwa wawili tu kwenye lindo. Tulikimbilia ukutani, mimi nikapigwa risasi ya paja nikaanguka katikati ya uwanja. Masanja alikuwa ameshafika salama. Akatoka tena, akaja kunibeba huku risasi zinapita, na bado ananitania, "Unakula nini wewe, mbona mzito hivi?" Alinisukuma nyuma ya ukuta, yeye akapigwa kabla hajainama. Alikufa palepale bila kusema kitu kingine. Hilo ndilo lililotokea, sijaongeza hata chembe.

Niliporuhusiwa hospitali nikaenda kwao Sengerema, nikakuta ndugu wamekaa kikao cha arobaini. Baba yake mdogo, mzee mwenye sauti ya kuamrisha, akaniuliza mbele ya watu wote, "Kijana, wewe ndiye uliyekuwa naye. Alituachia neno gani?" Mama yake ananitazama kama mtu anayesubiri majibu ya vipimo. Ningemwambiaje huyu mama kwamba mwanaye aliondoka akinitania uzito? Mzee akaongeza, "Hakusema mdogo wake amfuate jeshini?" Nikajibu, "Alisema."

Neno moja tu hilo. Mama akalia, akanishika mikono akishukuru, na mimi mjinga nikajiona nimefanya wema. Nilisahau kwamba katika ukoo ule neno la mwisho la marehemu halijadiliwi, linatekelezwa. Mdogo wake ni mmoja tu, Neema, ndiye mtoto pekee aliyebaki kwa mama yule, na wakati huo alikuwa anasomea uuguzi. Masanja alikuwa akituonyesha picha yake kambi nzima, amevaa sare nyeupe, anasema, "Huyu ndiye atakayenichoma sindano nikizeeka." Hakuwahi hata siku moja kutamani dada yake ashike bunduki. Mimi nalijua hilo kuliko mtu yeyote, na bado nikasema alisema.

Sasa jeshi limeamua kumtunuku Masanja nishani ya ushujaa. Sherehe ni Alhamisi hii. Neema ndiye atakayeipokea, na Ijumaa asubuhi anaripoti mafunzoni. Nafasi za jeshi zilitoka mwaka huu, na chuo ameshaacha.

Juzi alikuja mjini, nikamsindikiza Mkuyuni kununua sanduku la bati la kwendea huko. Muuzaji anatuonyesha kufuli, yeye hata hatazami. Akaniuliza polepole, "Kaka, ni kweli alisema hivyo? Kwa mdomo wake?" Nikajibu ndiyo. Nilikuwa naangalia kufuli. Akasema, "Basi sawa. Mimi naogopa, kaka, damu ya vita sitaiweza. Ila nitamkataliaje marehemu?" Nilibeba lile sanduku hadi stendi, na sikupata ujasiri wa kufungua mdomo.

Mtasema niseme ukweli, kwisha habari. Sikieni kwanza. Lindoni tulikuwa wawili, kwa hiyo nishani yote imesimama juu ya maelezo yangu, hakuna shahidi mwingine. Nikikiri kwamba maneno ya mwisho niliyatunga, nani ataamini kwamba alirudi kunichukua? Watasema kama alidanganya hili, na lile kadanganya. Nitakuwa nimemvua Masanja heshima aliyoilipia kwa uhai wake. Na jana mama yake kanipigia. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, "Marahaba baba. Alhamisi usimame uwaambie watu maneno ya mwanangu. Nataka niyasikie tena." Nikasema sawa mama.

Nikinyamaza, Neema anaenda kwa amri ambayo kaka yake hakuitoa. Likimpata la kumpata, mama yule atabaki bila mtoto hata mmoja, na atanipokea msibani kama mwanaye, anipe na kiti cha mbele.

Nimeshajitukana vya kutosha, kwa hiyo matusi muwekeni pembeni. Nimwambie Neema peke yake kabla ya Alhamisi, yeye abebe siri hii mbele ya mama yake? Niende kwa mkubwa wangu wa kazi? Au nisubiri nishani itolewe, halafu niseme, wakati binti ana usiku mmoja tu wa kubadili maisha yake? Masanja aliponiona nimeanguka hakukaa kuomba ushauri kwa mtu. Mimi ndiye ninayeuliza. Nishaurini, nifanye nini?