Jioni Yetu kwenye Meza ya Wanachama

Jumamosi, saa mbili na robo asubuhi, Mama alifunga mlango wa nyumba yetu ya Kiranjeranje, akaufungua, akaingia kujitazama tena kwenye kioo, akatoka, akaufunga. Dada Zainabu alikuwa amesimama uani na ufagio ambao haufagii kitu.

"Mama, basi litakupita," akasema.

"Linipite. Naenda kula, siendi kuzima moto."

Niwaeleze sababu ya safari, maana nyie wa nyumbani mlisema mengi. Issa, kijana wa Rondo, alishatuma mshenga mara mbili kumposa Dada Zainabu. Baba hayupo duniani, wajomba wameridhika, neno la mwisho lilibaki kwa Mama, na Mama alikuwa hajalitoa. Tatizo halikuwa Issa, ni kazi yake. Issa ni fundi kwenye ile bustani ya michezo iliyofunguliwa ufukweni, kabla hujaingia Lindi mjini, yenye bembea, mitelezo ya maji na gurudumu kubwa linalopandisha watu hewani. Mama alikuwa akisema, "Kazi gani hiyo, unampandisha mtu juu halafu unamshusha palepale?"

Sasa, ndani ya bustani hiyo kuna mgahawa ambao hata uwe na pesa huingii, mpaka uwe mwanachama au mgeni wa mwanachama. Wakubwa wa bustani walimpa Issa uanachama wa mwaka mmoja, zawadi ya kazi nzuri. Akamtuma mshenga mara ya tatu: Mama aje ale pale, na mahali pa kazi apaone kwa macho yake. Mama akakubali. Nikachukuliwa mimi, Somoe, kidato cha tatu, ili asiende peke yake. Wanaonijua wanajua nilivyo. Mwalimu akiita jina langu nainua mkono tu, sauti haitoki.

Dada alinivuta nyuma ya jiko. "Mama akicheka, nitumie ujumbe. Akinuna, nitumie pia. Usiniache hivihivi, Somoe." Kiganja chake kilikuwa cha baridi, na jua la msimu wa korosho mnalijua linavyochoma.

Njiani Mama hakula kitu. Jirani yetu kwenye basi, bibi mmoja mwenye kapu la mabibo, alimkaribisha bibo, Mama akakataa. Akamkaribisha ndizi, akakataa. Tulipovuka mto Mbwemkuru alikataa hata maji.

"Umefunga, mwanangu?" bibi akamuuliza.

"Hapana, bibi. Nimealikwa."

Bibi akacheka mpaka kapu likamponyoka, mabibo yakabingirika chini ya viti, abiria wakainama kuyaokota. Ikabidi Mama aeleze amealikwa wapi. Tulipofika Mchinga basi zima lilikuwa na maoni. Dereva alisema kijana anayemlisha mama mkwe kabla hajapewa mke huyo ni mjanja, aangaliwe. Kondakta alisema yeye angempa leo leo. Mimi nilikuwa nimejifunika mtandio, nimebakiza macho.

Lindi tulishukia kwa Mama Mdogo, tukaoga, tukapiga pasi. Alasiri tukachukua bajaji kurudi njia ya bustani, Mama kakaa katikati ya kiti kama malkia, mimi nimebanwa pembeni nisiikunje khanga yake.

Kwenye lango la bustani nilisahau kabisa kwamba mimi ni mtu wa kuona haya. Lile gurudumu! Kuliona kwenye simu si kuliona. Limesimama juu kuliko minazi, lina vyumba vidogo vya rangi rangi, na ndani yake watu wanapiga mayowe ya furaha. Watoto wanateremka kwenye mitelezo, wanaingia majini chubwi, wanatoka wanakimbia kupanda tena. Nilijikuta nacheka peke yangu, hakuna aliyenichekesha. Mama akanifinya. "Funga mdomo, inzi wataingia." Lakini na yeye alikuwa anatazama juu.

Issa alikuwa akitusubiri kando ya njia. Alipotuona alichuchumaa, macho chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Mama akaitikia, uso kaugeuzia baharini. Issa akainuka, akatutangulia mbali, kama vile hatujuani. Mama aliridhika na hilo, nilimwona. Nikamtumia Dada: "Kasalimiwa vizuri." Akajibu papo hapo: "Kacheka?" Nikamjibu bado.

Baada ya magharibi tuliingia mgahawani. Mlangoni palikuwa na dada mwenye koti jekundu, msimamizi wa pale. Ndani mataa ya chini chini, vitambaa vyeupe, na kitu ambacho sikukitegemea: treni! Treni ndogo, urefu wake kama benchi la darasani, inazunguka ukumbi mzima kwenye reli iliyopita katikati ya kila meza. Inatoka jikoni imebeba sahani, inapiga kengele, inasimama kwenye meza yako, unachukua chakula chako, inaondoka. Wanachama walikuwa wanaitazama kama kitu cha kawaida. Mimi nilitaka kupiga makofi.

"Karibuni. Mwanachama ni yupi?" dada akauliza.

Issa akanyoosha mkono akiwa nyuma ya nguzo.

"Basi tangulieni wote, meza namba tisa."

"Hapana, dada," Issa akasema. "Wao waingie. Mimi nitakaa hapa nje."

"Haiwezekani, kaka. Mgeni hakai mezani bila mwanachama wake. Ndiyo kanuni ya nyumba hii."

Nikaona Issa ametoa macho. Alikuwa hajui. Na Mama naye alikuwa hajui, yeye alidhani tutakula wawili. Nyie mnajua kwetu mambo yalivyo: mkwe hali mbele ya mama mkwe wake, na mama hali mbele ya mkwe. Hata kama posa haijajibiwa, ile heshima imeshaanza. Kumweka Issa na Mama meza moja, wanatazamana wanatafuna, bora wasingeonana kabisa.

Mama akajifunga khanga upya. "Twende zetu, Somoe."

Issa aliinamisha kichwa. Alikuwa anatazama viatu vyake, vipya, vya kung'aa. Simu ikatetemeka mkononi mwangu, Dada: "Vipi huko?" Nikajua tukitoka kwenye mlango ule, Mama hatarudi tena, na mshenga wa nne hatapokelewa. Sijui nilipata wapi sauti.

"Dada, samahani," nikasema. "Kanuni inataka wakae meza moja. Inataka na waonane?"

Dada wa koti jekundu akanitazama, akamtazama Mama aliyegeukia ukuta, akamtazama Issa nyuma ya nguzo. Akaelewa. Akajipiga paji la uso. "Kumbe ni mtu na mkwe wake! Na mimi wa Nachingwea, naona hivi hivi nisijue! Kanuni haijasema waonane, mdogo wangu. Nisubirini."

Akarudi na menyu mbili. Menyu zenyewe ni za mbao, kubwa kama dirisha. Akazisimamisha katikati ya meza namba tisa, moja upande huu wa reli na nyingine upande ule, akazikingia chupa za maji zisianguke. Mama upande mmoja, Issa upande wa pili, na mimi pembeni mwa meza, nawaona wote. Wanachama wa meza za jirani walikuwa wameacha kula.

Mama aliagiza kaa wa nazi, Issa wali na samaki, mimi kila kitu chenye jina nisilolijua. Treni ikaleta, mimi nikapokea sahani pale pembeni nikawagawia. Mama akala kidogo, akanisogelea. Issa alikuwa umbali wa mkono mmoja, lakini alimuuliza kupitia kwangu.

"Muulize, hilo gurudumu likikwama mtu yuko juu, yeye anafanyaje?"

"Anauliza likikwama unafanyaje."

"Mwambie mama, napanda. Kuna ngazi kwenye nguzo. Mwezi uliopita umeme ulikatika, bibi mmoja na mjukuu wake wakabaki kule juu. Nikapanda, nikakaa nao mpaka umeme ukarudi."

"Muulize walikuwa wanafanya nini muda wote huo."

"Mwambie mama, tuliimba kaswida. Bibi ndiye aliyekuwa anachagua."

Mama akatafuna polepole. "Muulize alikuwa haogopi?"

Issa akaweka kijiko chini. "Mwambie mama nilikuwa naogopa sana. Ila bibi asingejua kama ningeendelea kuimba."

Mama hakuuliza tena. Alichukua gando la kaa, lile kubwa kabisa, akalitia mdomoni, akaling'ata kwa magego yote. Hapo hapo treni ikaja kwa kasi kutoka jikoni, imebeba jagi la juisi ya meza ya mbele. Sijui jagi lilichomoza kiasi gani, mimi niliona tu limeikumba menyu ya kwanza, menyu ya kwanza ikaiangukia ya pili, chupa zikaanguka, na ukuta wetu wote ukalala juu ya meza, pa!

Mama yuko na gando mdomoni, mchuzi wa nazi kwenye kidevu. Issa kafungua mdomo, kijiko cha wali kiko njiani. Wakatazamana.

Issa alitoweka. Nasema kweli, sikumwona akiinuka. Nilisikia kishindo cha kichwa kugonga mbao, halafu sauti kutoka chini ya meza: "Nisamehe, mama!"

Mama alikuwa amejifunika khanga uso mzima, gando bado limo mdomoni. Mimi nilishika meza kwa mikono miwili. Nikafikiria nitamwandikia Dada nini. Halafu khanga ya Mama ikaanza kutikisika. Nikadhani analia. Akalitoa gando, akavuta pumzi, na kicheko kikatoka, kile cha zamani, cha tumbo zima, ambacho jirani zetu walikuwa wakikisikia kutoka kisimani.

"Mwambie atoke huko," akasema akijifuta machozi. "Nimefumba macho."

"Mwambie mama sitoki mpaka amalize kaa," sauti ikasema kutoka chini.

"Mwambie huyu kaa ni mkubwa!"

"Mwambie mama nina subira."

Hapo nilicheka mpaka soda ikanitokea puani, inawasha kweli kweli. Mama akachukua sahani ya Issa, akaongeza nusu ya kaa wake, akainama bila kutazama, akaisukuma chini ya kitambaa cheupe. "Mpe ale. Asije akasema nilimlaza na njaa." Nikasikia "ahsante, mama," halafu nikasikia mtu anakula.

Dada wa koti jekundu akaja mbio kuokota menyu. Akatazama kiti kitupu. "Mwanachama wenu yuko wapi? Mnajua kanuni."

"Yupo mezani," nikamjibu. "Chini kidogo."

Akainua kitambaa, akachungulia, akakishusha taratibu. "Sawa," akasema, "kanuni haijasema juu." Akaenda jikoni, na tulikisikia kicheko chake kutoka kule kule.

Nikamwandikia Dada: "KACHEKA." Alipiga simu mara tatu, sikupokea, ningemweleza nini pale?

Usiku ule Mama hakutoa neno. Kwenye bajaji aliimba kaswida kwa sauti ya chini, mkono wake ukipiga mdundo kwenye goti langu. Nikamuuliza, "Mama, umemwonaje?" Akasema, "Nimemwona kidogo sana, alikuwa chini ya meza." Kwa Mama Mdogo alisimulia mpaka Mama Mdogo akashuka kitandani akakaa sakafuni kwa kucheka, lakini neno lenyewe, hakuna. Dada alituma ujumbe mmoja wa mwisho: "Silali." Na mimi sikulala. Nililala chali nikihesabu mabati, nikiwaza kwamba Mama anaweza kucheka na mtu na bado akamnyima binti. Alishawahi: kijana wa kwanza kumposa Dada, kabla ya Issa, Mama alicheka naye sana, kisha akamnyima.

Nilichojifunza kwenye safari hii nitasema bila kuficha. Nimejifunza kwamba gando huvunjwa kwenye kiungo, halitafunwi. Nimejifunza kwamba mtu anaweza kuogopa na bado akaimba. Na kuhusu sauti yangu, hilo nililijifunza kesho yake.

Jumapili asubuhi Mama alikunywa chai, akala muhogo, akanawa mikono. Halafu akasema, bila kunitazama, "Somoe, vaa. Nenda kamwambie Issa wazee wake waje nyumbani. Waje mchana, nataka kuwaona vizuri."

Sikuvaa vizuri. Nilipanda bodaboda na kandambili mbili zisizofanana. Bustani ilikuwa haijafunguliwa, mlinzi akanionyesha kidole juu. Issa alikuwa kwenye kilele cha gurudumu, amejifunga mkanda, anapaka grisi, mdogo kama ndege. Mafundi wenzake walikuwa chini, sita au saba, wote wananitazama.

Nilisema, "Shemeji." Haikusikika hata na mlinzi. Nikajaza kifua.

"SHEMEJI! MAMA KASEMA WAZEE WAKO WAJE!"

Kopo la grisi lilishuka kwanza, mafundi wakatawanyika. Kisha yeye akaanza kupiga kelele kule juu, mikono hewani, hata maneno hayaeleweki. Nikampigia Dada Zainabu. Alipopokea sikusema kitu, niliinua simu juu kadiri mkono wangu unavyofika, asikie mwenyewe.