Kesho Nimeambiwa Nioshe Kofia ya Marehemu Mume Wangu

Mombasa, Jumapili baada ya alasiri.

Kwako Admin, assalaam aleikum. Naomba unifichie jina. Nimezoea kusoma visa vya wenzangu hapa na kuwaombea kimya kimya. Sikudhani ipo siku nitaleta changu.

Mimi ni mjane wa miaka arobaini na sita, nina binti mmoja, nimwite Zuhura. Twaishi Bondeni, chumba cha juu katika nyumba ya shemeji yangu, ndugu wa marehemu. Nafanya kazi nyuma ya jumba moja la sanaa, Mji wa Kale. Wageni hawanioni. Vikiletwa vitu vikongwe, mikeka, kanzu, leso, sisi huvifunga kwa plastiki tukavitia friza ili wadudu wafe. Kisha huvipiga brashi, na vinavyooshika huviosha, ndipo vipelekwe mbele kwenye vioo. Ni kazi ya utulivu. Tangu nifiwe, ndiyo iliyonishikilia.

Majuzi dalali alileta sanduku la kofia. Moja alisema ni ya zamani sana, imetoka kwa ukoo mmoja wa Lamu. Mkubwa wetu, nimwite Bi Rukia, akaipenda papo hapo. Nilipoikunjua mezani, nikaitambua. Ni kofia niliyomshonea mume wangu tulipokuwa wachumba.

Nitakosaje kuijua? Nilikuwa nikishona dirishani kwetu Tudor, yeye akapita chini akakohoa, kile kikohozi cha uongo cha kutaka nijue kuwa yupo. Mkono ukaniruka, ua moja la ubavuni likageukia nyuma, wenziwe wote wanatazama mbele. Nilitaka kulifumua. Akaniambia, "Liache. Hapo ndipo nilipokohoa." Aliivaa kila Ijumaa mpaka ikageuka rangi kwa jasho na mafuta ya nazi.

Alipofariki nilitaka nimwoshe mwenyewe, na dini yaniruhusu. Shemeji akakataa. "Hutaweza wewe. Utaishia kulia juu ya maiti." Wakamwosha wanaume, mimi nikabaki ndani na wanawake wenzangu. Nilipokuwa ndani ya eda, nguo zake zote shemeji alizichukua akasema anazitoa sadaka. Ndiyo desturi yetu, na nguo za marehemu zikimsitiri maskini, mwenyewe hupata thawabu kaburini.

Sasa sijui. Huenda alimpa maskini, naye maskini akaiuza. Huenda sivyo. Nilijikaza nikamuuliza tukinywa chai, "Shemeji, ile kofia yake ya Ijumaa ulimpa nani?"

Hakuniangalia. "Kofia gani? Nguo za maiti hazifuatwi, shemeji."

Kesho yake akamuuliza binti yangu ngazini, "Mamako yuasemaje huko kazini kwake?" Tangu hapo nikisikia viatu vyake kwenye ngazi nakomea mlango. Akituambia tuhame, hatuna pa kwenda.

Kofia niliitia friza kwa mikono yangu. Siku zote ilipokuwa mle ndani sikuweza kunywa maji baridi. Huko mbele, Bi Rukia amemwambia mchoraji auchukue mshono wa kofia hiyo auchore mkubwa ukuta mzima, mweupe juu ya buluu. Lile ua langu lililogeuka sasa lina kimo cha mtoto. Bi Rukia alinishika bega tukalitazama.

"Waona, Mama Zuhura? Huyu mshonaji alikuwa na jicho. Alijua maua yakilingana yote mtu huchoka kuyatazama."

Nikasema, "Naona, bi." Ni mwanamke mwema, hajawahi kunipandishia sauti. Lakini kabla yangu mwenzetu mmoja aliondolewa kazini kwa sababu ya mkufu uliopotea, na hakuna aliyemwona akiuchukua. Nikisema kofia ni yangu, nitaulizwa ushahidi, na shahidi wangu amelala kaburini. Kisha dalali ataulizwa aliipata kwa nani. Naogopa jina litakalotajwa.

Kibao cha maelezo kimeshaandikwa. Kinasema mshonaji hajulikani.

Sasa jana. Nilikuwa peke yangu, nikaiinua kuipima maji itakayohitaji, nikasikia harufu ya kichwa cha mume wangu. Bado ipo, upande wa nyuma. Nilipojitambua nilikuwa karibu na mlango, kofia imo ndani ya mkono wa buibui langu. Sikumbuki nikiitia. Nikarudi nikaiweka, nikakaa chini.

Jioni, langoni, mlinzi wetu, kijana wa Ukambani, hunitania akipekua mkoba. "Mama Zuhura, leo umetuibia nini? Mlango ama ukuta?" Siku zote humjibu, "Nimebeba mzinga, nisaidie kuuinua," tukacheka. Jana nilimnyooshea mkoba tu. Akaacha kucheka. "Mama, uko sawa?" Nikamwambia ni joto.

Kesho asubuhi nimepangiwa kuiosha. Beseni liko tayari na maji yaliyochujwa. Ikikauka itaingia kwenye kioo, na maonyesho yakiisha itasafirishwa ng'ambo pamoja na zile nyingine. Nikinyamaza, nitaitoa ile harufu kwa vidole vyangu mwenyewe, kisha niitazame ikiondoka. Nikisema, huenda nikakosa kazi na nyumba ndani ya siku moja, na nikamchafua ndugu wa mume wangu kwa jambo nisilo na yakini nalo. Na nisipofanya lolote, naogopa huu mkono wangu. Jana ulirudi. Kesho sijui.

Ndugu zangu, nielekezeni kabla ya asubuhi: niseme, au nioshe ninyamaze? Msinitukane, nimechoka. Na mkiinua mikono kwa dua, mkumbukeni mume wangu, na mimi pia mnikumbuke. Ikiwa siku moja mtasimama mbele ya ukuta wa buluu mkaona ua limegeukia nyuma, jueni hapo ndipo alipokohoa.