Aliyenisamehe Mbele ya Wazee

Mke wangu akipasha mafuta ya simsim ya kujipaka magoti, mimi hutoka jikoni. Si kwamba harufu yake ni mbaya. Ni nzuri, nzito, ya mbegu zilizokaribia kuungua. Lakini ikinifika puani tu, niko tena Garissa, nina miaka kumi na miwili, nimesimama mlangoni kwa watu, na ndani bibi kizee anampaka Dekow mafuta hayo begani. Dekow hapigi kelele. Ningeshukuru sana kama angepiga.

Baba yangu alikuwa mwalimu, Mkamba wa Machakos aliyepelekwa Garissa nasi tukamfuata. Wenzake waliotoka bara walishinda wakiandika barua za kuomba uhamisho. Yeye alinunua mpira wa raga. Siku alipoutoa mkobani, darasa zima liliuzunguka kama yai la mbuni lililookotwa njiani. Uwanja wetu ulikuwa mchanga na miiba, mbuzi walikatiza katikati bila kumjali mtu, na korongo wenye vipara walitutazama kutoka juu ya mgunga. Baba alitufundisha kukimbia, kupasiana kwa nyuma, na kumwangusha mwenye mpira. "Mkamate, shuka naye," alisema. Tumkamate wapi mwilini, hakusema. Au alisema siku ambayo mimi sikuwa nikisikiliza. Hilo hatujakubaliana hadi leo.

Sasa nikueleze Dekow alivyokuwa akikimbia. Watu wake walikuwa wafugaji wa Kotile, naye aliletwa mjini kwa baba yake mkubwa ili asome. Alikuwa mwembamba, masikio makubwa, mpole darasani hadi mwalimu alimsahau. Lakini mpe mpira, kisha umtazame. Aliukumbatia kwapani, akainama kidogo, akapita katikati ya wavulana wanane kana kwamba wote tumeambiwa tumpishe. Tayari ameshafika, sisi ndio kwanza tunageuza shingo. Nimeona wanariadha wengi tangu hapo, wengine kwa macho yangu, na bado sijaona mbio zilizonifunga mdomo kama zile. Nilimstaajabia kweli. Na nikamwonea wivu, maana mimi ndiye mtoto wa mwalimu, mimi ndiye mwenye mpira, na nilikuwa mzito kama gunia.

Jioni moja alinipita mara tatu. Mara ya tatu aligeuka, akacheka. Hakunicheka mimi, alicheka kwa raha zake tu, nililijua hilo hata wakati ule. Alipokuja mara ya nne nilirusha mkono, nikamnasa shingoni na kumvuta kwa nguvu zangu zote. Sikufichi, nilijua ninachofanya. Alitangulia kwa bega, nami nikamwangukia juu, nikasikia mlio mdogo mkavu chini yangu. Baba alikuwa upande wa pili akifukuza mbuzi. Wengine waliona vumbi. Tuliojua tulikuwa wawili, mimi na Dekow.

Hospitali walisema ni mfupa wa mtulinga, wakamfunga mkono kwa kitambaa, wakasema utaunga. Bibi yake, ambaye nyumba nzima ilimwita ayeeyo, alimsikiliza daktari kwa adabu zote, kisha akarudi nyumbani akapasha mafuta yake. Alikuwa ameunga mifupa ya watu na ya ngamia kabla daktari huyo hajazaliwa. Kila nikitoka shule nilienda kusimama pale mlangoni. Dekow alinitazama, nami nilitazama sakafu.

Siku ya nne wazee walifika kutoka Kotile. Kwa Wasomali, mtoto akivunjwa mfupa, jambo si la watoto tena. Wazee hukaa, huuliza, na ikijulikana ni makusudi, ukoo mzima wa aliyeumiza huitwa kujibu. Sisi Garissa tulikuwa na ukoo gani? Baba, mama, mimi, na mwalimu mmoja wa Meru aliyekubali kutusindikiza kwa kutuhurumia. Mama alikwishafunga sanduku la kwanza, akiamini hatutakaa mji ule tena.

Tuliketi mikekani baada ya sala ya alasiri. Wazee walikuwa saba, ndevu zao nyekundu kwa hina, bakora magotini. Baba mkubwa wa Dekow, Mzee Bare, ndiye aliyesema.

"Mwalimu, kama ni mchezo imefunja huyu mtoto, mchezo inaisha leo. Hakuna mtoto yetu atacheza tena. Kama ni mtoto imefunja yeye, hiyo ni maneno ingine."

"Ni mchezo, mzee," baba akajibu upesi. "Na mimi ndiye niliyeuleta."

Mzee Bare alitikisa kichwa. "Tuulize mwenye bega."

Dekow alikuwa ameegemea goti la ayeeyo.

"Si mchezo," akasema. "Mutua alinishika shingo. Alitaka." Kisha akanitazama. "Na mimi nimemsamehe, mbele ya Mungu."

Mzee Bare alimuuliza tena kwa Kisomali. Akamuuliza mara ya tatu. Dekow alijibu vilevile, kwa sauti ileile ndogo. Wazee wakatazamana, na nikaona wanaume saba, niliodhani wangeweza kuihamisha familia yangu kwa neno moja, wakimwinamia mtoto. Mwenye jeraha akisamehe, kumbe hakuna mzee anayeweza kumsemea zaidi. Chai ikaletwa. Mzee Bare akamwambia baba, "Basi fundisha wao kushika chini," na mwezi mzima tulipiga magoti mchangani tukijifunza kukamata viuno.

Nilimnunia Dekow miaka mingi kwa kunitaja. Baba alikuwa ameshamfungulia mlango. Angesema tu ni mchezo, nami nisingeaibika. Juzi, kwenye mkutano wa wazazi shuleni kwa binti yangu, watu walibishana kama raga ipigwe marufuku, mama mmoja akilia kwa jino la mwanawe lililong'oka uwanjani. Nilisimama niseme, nikakumbuka ule mkeka, na hapo tu ndipo nilipoelewa. Angesema ni mchezo, raga ingekufa jioni ile. Angesema ni mimi akaishia hapo, tungefungasha. Alisema kweli ili mpira ubaki, akasamehe ili nami nibaki. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na bega lilikuwa bado linamuuma.