Hesabu za Ukumbi Mtupu

Shafkat Gondal alilipwa mshahara kwa kukadiria hasara. Kampuni ilimpa ramani ya jengo, naye akahesabu mawimbi ya simu yatapungua kiasi gani kutoka antena ya darini hadi mfukoni mwa mtu: ukuta wa tofali unakula hiki, kioo kile, waya nao fungu lake. Katika mji mzima wa Gujranwala, Pakistani, hakuna aliyeielewa kazi hiyo. Mama yake aliwaambia majirani kwamba mwanawe hutengeneza simu.

Ukumbi wa harusi wa chini ya ardhi, ambamo leo dada yake Sumaira alikuwa akiolewa, aliupima mwenyewe. Aliupima mwezi wa Muharram, kwa kuwa mwezi huo watu hawaoi, na mwenye ukumbi hakuruhusu mafundi wakati mwingine. Alipita na kipimo chake kati ya viti vitupu, mawimbi yakaitika kila pembe, akatia sahihi. Binadamu hakuwaweka kwenye hesabu. Binadamu ni maji yaliyovaa nguo, na maji hunyonya mawimbi. Hapa hata nguo zenyewe zilidariziwa kwa nyuzi za fedha, ambazo nazo huyazuia.

Adhuhuri hii ukumbi ulijaa pomoni. Bwana harusi, Tanvir, alikuwa kazini Dammam, Saudia, kanyimwa likizo, na angeoa kwa simu.

"Tanvir, umekubali?" shehe aliuliza.

"Nime—" simu ikasema, ikanyamaza.

"Mara ya tatu," alisema mama yake Tanvir, kwa sauti ya kufika meza ya mwisho. "Ikikatika tena, naondoka na watu wangu."

"Mama, ni watu wamejaa mno," Shafkat alisema.

"Harusini ulitaka wajae nani, mbuzi?"

Shafkat akamwinamia baba yake. "Abba, tupande juu, kwenye magari. Kule simu inashika."

"Binti yangu siozi kwenye maegesho."

"Basi wageni watoke kidogo."

"Wafukuze. Ukimaliza, unizike."

Sumaira aliinua ushungi kidogo. "Kaka, si wewe uliyefunga hii mitambo?"

Njia ya kuwatoa watu ukumbini bila kumvunjia mtu heshima ilikuwa moja tu, na Shafkat aliijua. Akaenda kwa mpishi mkuu.

"Fungua chakula."

"Kabla ya nikahi? Bwana, una homa?"

"Fungua, nakuomba."

Vifuniko vya masufuria ya biriani viligongana chumba cha pili. Ukumbi ukatoka kama unaoungua, ila kwa ari zaidi. Hata wazee wa mikongojo waliiacha kwenye viti. Mawimbi yakapanda hadi juu.

"Nimekubali," alisema Tanvir, kwa sauti safi, kama yuko chini ya meza hii. "Mnanisikia? Msimamizi ananiita."

Shehe alitazama kulia, akatazama kushoto. "Mashahidi wako wapi?"

Shafkat alimkuta baba yake mdogo Ilyas, shahidi wa kwanza, katikati ya msongamano.

"Chacha, twende, upesi."

"Mwanangu, nikitoka hapa nitarudia mchuzi mtupu."

Alimvuta mkono, umati ukawarudisha wote wawili. Akamvuta tena, safari hii kwa kola.

Walipofika mbele ya shehe, Ilyas na mfupa wake mkononi, simu ilikuwa imeshakatwa, kwa kidole, kutoka Dammam. Mama yake Tanvir alisimama mlangoni akiwaita watu wake, jina kwa jina, nao wakiomba wamalizie sahani.